Kamusi ya Vasmer Katika Mizani ya Kitenzi Kimoja cha Kirusi

Kamusi ya etimolojia ya Kirusi iliyotungwa na Max Vasmer ndiyo hutajwa kwanza mtu anapouliza asili ya neno la Kirusi, na pengine kwa sababu hiyo hunukuliwa sana na watu ambao hawajaisoma kwa namna inavyotaka kusomwa. Ina takriban vidahizo 18,000, yaani maneno yanayoingizwa kwenye kamusi ili yaelezwe, na hakuna mhakiki anayeweza kuvipitia vyote akavitendea haki. Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kuchukua neno moja lenye historia nzito, kulifuata ndani ya kamusi mpaka njia inapoishia, kisha kuangalia ni maswali gani yamejibiwa na ni yapi yameachwa njiani. Nimechagua kitenzi врать, yaani vrat, ambacho katika Kirusi cha leo maana yake ya kawaida ni kusema uongo. Ni kitenzi kifupi, kinatumiwa na kila mtu kuanzia mtoto hadi mzee, wala hakina hadhi ya maandishi rasmi. Lakini nyuma yake kuna ukoo unaofika hadi Kilatini na Kigiriki cha kale, na pembeni yake limekaa neno la Kirusi la daktari, ambalo undugu wake nacho umezua hadithi nyingi kuliko ushahidi.

Kabla ya kufungua ukurasa wenyewe, inafaa kueleza kitabu hiki kilivyopatikana, kwa kuwa historia yake inaeleza sura yake. Vasmer alizaliwa St. Petersburg mwaka 1886 katika familia yenye asili ya Kijerumani, akawa profesa wa isimu ya Kislavi mjini Berlin, na kazi ya kamusi aliishika kwa mfululizo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1944 mabomu yaliyoangukia Berlin yaliteketeza maktaba yake na maandishi mengi aliyokwisha kuyakusanya, ikambidi akusanye upya katika mji uliokuwa ukigeuka magofu. Kamusi ilichapwa kwa Kijerumani mjini Heidelberg kati ya mwaka 1950 na 1958, katika juzuu 3. Tafsiri ya Kirusi, kazi ya mwanaisimu Oleg Trubachev, ilitoka Moscow katika juzuu 4 kati ya mwaka 1964 na 1973, na hiyo ndiyo ninayoihakiki hapa, kwa kuwa Trubachev hakuishia kutafsiri tu: alisahihisha, aliongeza, alitaja tafiti zilizotoka baada ya chapa ya Kijerumani, na kila alipotia mkono wake aliweka mabano ya mraba na herufi ya kwanza ya jina lake, ili kauli ya mtunzi isichanganywe na ya mfasiri. Ni uaminifu wa kitaaluma ambao wengi waliokinakili kitabu baadaye hawakuutunza, na nitalirudia jambo hilo.

Kitomeo cha vrat, yaani neno pamoja na maelezo yake, kimo katika juzuu ya kwanza, nacho ni kifupi mno kwa mtu aliyezoea kamusi zinazofafanua. Baada ya kitenzi huja umbo lake la nafsi ya kwanza, vru, na maneno machache yaliyozaliwa nacho, kisha msomaji anatolewa nje ya Urusi bila kuagwa. Kitenzi kinahusishwa na familia ya maneno yenye maana ya kusema, au ya neno linalosemwa: vardas la Kilithuania lenye maana ya jina, vārds la Kilatvia lenye maana ya neno, wirds la Kiprusi cha kale, lugha ya Kibaltiki iliyokwisha kufa, waurd la Kigothi, lugha ya kale ya ukoo wa Kijerumani, ambalo ni ndugu wa Wort la Kijerumani cha leo, verbum la Kilatini, na upande wa Kigiriki rhetor, yaani msemaji wa hadharani. Wanafunzi wa sarufi watatabasamu wakigundua kwamba verbum ndilo jina ambalo wanasarufi wa Kilatini walikipa kitenzi chenyewe, hata ikawa kitenzi cha Kirusi cha kusema uongo ni jamaa wa mbali wa istilahi inayotaja vitenzi vyote.

Kwa upande wa umbo, maelezo haya yana nguvu, na hapa ndipo kamusi inapostahili sifa. Anayelitazama neno vrat kwa jicho la leo haoni kitu kinacholiunganisha na verbum isipokuwa konsonanti mbili. Lakini katika lugha mame ya Kislavi, yaani lugha ya kale iliyozaa lugha zote za Kislavi, mzizi ulikuwa na irabu fupi kati ya v na r, irabu ambayo baadaye ilidhoofika ikatoweka kabisa, ikaacha konsonanti zimebanana. Vasmer haelezi kanuni hiyo ndani ya kitomeo. Anadhani msomaji anaijua, kama anavyodhani kwamba msomaji anajua kwa nini umbo fulani limewekewa kinyota mbele, alama inayoonyesha kuwa umbo hilo halikupatikana katika andiko lolote bali limejengwa na wanaisimu kwa kulinganisha lugha. Kwa hiyo mtu asiye na msingi wa isimu historia atapata orodha ya majina ya ndugu bila kuambiwa undugu ulivyotokea. Si kasoro ya kubeza, kwa kuwa kitabu kiliandikwa kwa wataalamu, ila mnunuzi anastahili kuijua mapema.

Jambo ninalolithamini zaidi ya yote ni lugha ya tahadhari. Kamusi imejaa maneno kama huenda, haijulikani, inatia shaka, si sahihi kulinganisha na. Na baada ya maneno hayo hufuata majina ya wanaisimu waliotoa rai tofauti, kila mmoja na ukurasa wake. Msomaji wa haraka huyaruka majina hayo kama vumbi, ilhali ndiyo yanayoonyesha mjadala ulikuwa wapi na nani alimpinga nani. Ulinganisho wa vrat na verbum nao unapaswa kusomwa kwa roho hiyo, kama dhana iliyosimama vizuri mbele ya wenzake, si kama hati ya kuzaliwa.

Tahadhari hiyo inahitajika zaidi kwenye neno la daktari. Kwa Kirusi daktari huitwa vrach, na masikio yoyote yatasikia vrat ndani yake. Maelezo yanayozunguka kwa wingi, yakitolewa nusu kwa mzaha na nusu kwa uzito, ni kwamba Warusi humwita daktari kwa jina lenye maana ya mwongo. Kamusi ya Vasmer hairuhusu hitimisho la namna hiyo, na kuona inavyolizuia kunafundisha zaidi kuliko hitimisho lenyewe. Kwanza inaonyesha kwamba vrach lina sura ya Kislavoni cha Kanisa, yaani liliingia Kirusi kupitia lugha ya vitabu vya dini na halikukua lenyewe katika vinywa vya Waslavi wa Mashariki. Pili inaweka pembeni yake lugha za Kislavi za kusini, ambako neno hilohilo lina maana nyingine: kwa Kibulgaria ni mchawi, kwa Kiserbia na Kikroeshia ni mpiga ramli au mchawi, na kwa Kislovenia tu ndipo linarudi kuwa tabibu. Tatu, linaunganishwa na vorchat, kitenzi cha Kirusi chenye maana ya kunung'unika au kuguna, na maana yake ya asili inatajwa kuwa mtu wa kunuiza, anayetibu kwa maneno yanayonong'onwa juu ya mgonjwa.

Hapo picha inageuka kabisa. Hata anayeupeleka undugu wa vrach hadi kwa vrat hakutani na daktari mwongo, bali na mganga wa maneno, wa wakati ambapo mzizi huu ulikuwa bado una maana ya kusema tu, kabla haujaangukia uongo. Rai hiyo inapata nguvu kutokana na jozi nyingine ambayo msomaji mwenye subira ataipata kwa kufungua kurasa za mwanzo za juzuu hiyohiyo. Kitenzi cha kale bayat kilikuwa na maana ya kusema au kusimulia. Kutoka kwake lilitoka baliy, neno la kale la mganga, na kutoka kwake pia lilitoka basnya, ambalo leo ni hekaya au ngano yenye mafunzo, yaani jambo linalosimuliwa bila kudaiwa kuwa lilitokea. Kitenzi kingine chenye maana ya kusema, na matawi mawili yaleyale: moja likaelekea kwenye tiba, jingine likaelekea kwenye maneno yasiyo ya kweli. Upatano wa namna hii kati ya mizizi miwili isiyo na uhusiano wa damu ni ushahidi mzuri kuliko mfanano wa sauti, na kamusi inayomwezesha msomaji kuuona kwa kupekua kurasa chache imefanya kazi yake. Kuhusu neno la tatu la Kirusi la tabibu, lekar, itoshe kusema kwamba lina ukoo mwingine unaoelekea lugha za Kijerumaniki, wala halihusiki na mzozo huu.

Nikiishia hapo, hukumu yangu ingekuwa ya sifa tupu. Tatizo linaanza msomaji anapouliza swali ambalo kwa kitenzi hiki ni la msingi kuliko mengine yote: neno lililokuwa na maana ya kusema lilipitia wapi mpaka likafika kwenye kusema uongo? Vasmer anarukia kutoka Kirusi cha leo hadi Kigothi na Kilatini kama mtu anayevuka mto kwa hatua moja, na katikati ya mto ndiko kulikokuwa na samaki. Kamusi yake ni ya umbo. Maana huitaja kwa neno moja au mawili ya kufafanulia kidahizo, kisha huiacha.

Pengo hilo linazibwa na kamusi nyingine, ambayo haikukusudiwa kuwa ya etimolojia hata kidogo. Vladimir Dal, aliyesomea udaktari na kuhudumu kama tabibu wa jeshi kabla ya kujulikana kwa kazi ya maneno, alichapisha kamusi yake kubwa ya Kirusi hai kati ya mwaka 1863 na 1866, ikiwa na maneno karibu 200,000 na methali na misemo ipatayo 30,000. Chini ya vrat anatoa kwanza maana ya kusema uongo na kudanganya kwa maneno, lakini haishii hapo: anaendelea na kusema upuuzi, kubwabwaja, kupiga porojo, kufurahisha watu kwa visa vya kubuni. Maana hizo za pili ndizo daraja ambalo Vasmer hakulionyesha. Katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, Mrusi aliyemwambia mwenzake aache vrat mara nyingi hakumtuhumu kwa udanganyifu. Alimwambia aache kuropoka. Kutoka kusema, neno likashuka hadi kusema ovyo, na kutoka kusema ovyo likashuka tena hadi kusema yasiyo kweli, na kila ngazi bado ina alama zake katika lugha.

Alama hizo zinaonekana vizuri kwa anayesikiliza Kirusi cha kawaida. Saa isiyokwenda sawasawa husemwa kuwa inafanya vrat, na hakuna anayeidhania saa kuwa na nia mbaya. Mwimbaji anayetoka nje ya sauti inayotakiwa naye husemwa hivyohivyo. Viambishi awali vinaupanua uwanja huo kwa namna ambayo ingestahili kurasa kadhaa: sovrat ni kusema uongo mara moja na kumaliza, navrat ni kumimina uongo tele, privrat ni kutia chumvi katika habari ambayo kimsingi ni ya kweli, perevrat ni kuyapotosha maneno ya mtu au kulikosea jina lake, pengine kwa uzembe tu, na zavratsya ni kuzama katika uongo wako mwenyewe hata ukashindwa kutoka. Upo msemo unaovicheza viwili kati ya hivyo, ukimruhusu mtu aseme uongo wake ila asizame ndani yake, na hauwezi kueleweka na mtu anayedhani kwamba kitenzi hiki kina maana moja. Kwa Vasmer, vitenzi hivi vyenye viambishi kwa kawaida havina vitomeo vyake. Ukivitafuta utarudishwa kwenye mzizi, na mzizi hautakuambia lolote kuhusu tofauti ya privrat na perevrat.

Kasoro hiyohiyo inajitokeza kwa namna nyingine unapovilinganisha vitenzi viwili vya Kirusi vya kusema uongo. Mbali na vrat kuna lgat, na Vasmer anakitendea haki upande wa asili: ni neno la kale la Waslavi wote, ndugu wa lügen la Kijerumani na liugan la Kigothi, nalo katika ukoo huo limekuwa na maana ya uongo tangu mbali tunakoweza kuona. Hapa kuna tofauti nzuri ajabu. Kitenzi kimoja kilizaliwa kikiwa cha uongo, kingine kiliporomoka hadi huko kutoka mahali pa heshima. Na tofauti hiyo ya asili inalingana na tofauti ya matumizi ya leo, kwa kuwa lgat ni uongo wa kukusudia, mzito, unaolaumiwa, ilhali vrat kinaweza kuwa uongo wa kupitisha wakati, wa kujionyesha, au usio na faida yoyote kwa anayeusema. Kifungu cha 307 cha Sheria ya Jinai ya Urusi, kinachohusu ushahidi wa uongo mahakamani, kimeandikwa kwa kivumishi cha ukoo wa lgat, na sidhani kuna mtunga sheria ambaye angefikiria kuweka pale neno la ukoo wa vrat. Nomino zake nazo zimegawana kazi: lozh ni uongo, vranyo ni uongo wenye mbwembwe, na mwandishi Dostoevsky aliliona neno hilo la pili kuwa na uzito wa kutosha kuliandikia makala nzima mwaka 1873. Yote haya msomaji wa Vasmer atayakosa, kwa sababu kitomeo cha vrat na cha lgat viko katika juzuu mbili tofauti, na hakuna kinachomwambia kwamba vinapaswa kusomwa pamoja.

Kuhusu urahisi wa kutumia, nina malalamiko kadhaa ya kawaida. Vifupisho ni vingi, na orodha yake imewekwa katika juzuu ya kwanza pekee, hivi kwamba anayesoma juzuu ya nne hulazimika kuwa na mbili mezani. Vitenzi kadhaa vimewekwa chini ya umbo la nafsi ya kwanza badala ya umbo la kutajia: anayetafuta vesti, kuongoza, sharti aende kwenye vedu, na anayetafuta brat, kuchukua, afungue beru, mgeni asipolijua hilo atadhani neno halimo. Kwa upande mwingine, kamusi ina wingi wa maneno ya lahaja, majina ya mito, miji na makabila, kiasi ambacho kamusi nyembamba za shuleni hazikaribii.

Matoleo ya kidijitali ndiyo yanayotumiwa na watu wengi sasa, na ubora wake haulingani. Hifadhidata ya Starling, iliyoanzishwa na mwanaisimu Sergei Starostin, imeiweka kamusi kwa namna inayoruhusu kutafuta si kidahizo tu bali pia neno la lugha nyingine, kwa mfano kutaka kuona vitomeo vyote vinavyotaja Kiprusi cha kale, na kwa kazi ya utafiti hilo ni jambo kubwa. Nakala nyingine zilizosambaa zimetokana na skani zilizosomwa na mashine: herufi za Kigiriki zimegeuka alama zisizosomeka, vinyota vimedondoka, alama za mkazo zimepotea, na katika baadhi yake mabano ya Trubachev yameondolewa, hata maneno ya mfasiri yakaonekana kuwa ya mtunzi. Kinyota kikidondoka, umbo la kubuniwa linasimama mbele ya msomaji kama neno lililowahi kuandikwa na mtu. Na katika etimolojia hilo si kosa dogo la chapa.

Je, kuna mbadala? Kamusi kubwa ya etimolojia ya lugha za Kislavi ambayo Trubachev mwenyewe aliianzisha mwaka 1974 ina kina zaidi, lakini inatoka juzuu kwa juzuu kwa kufuata alfabeti, nayo bado haijafika herufi V. Kwa hiyo mwenye swali kuhusu lgat ameshajibiwa, na mwenye swali kuhusu vrat anaendelea kusubiri. Kamusi mpya ya etimolojia ya Kirusi ya Aleksandr Anikin imekuwa ikichapishwa tangu mwaka 2007, ni pana kuliko ya Vasmer na inazingatia tafiti za miongo ambayo Vasmer hakuiona, ila nayo haijakamilika. Kwa sasa Vasmer anabaki kuwa ndiye pekee wa kiwango hiki aliyefika mwisho wa alfabeti.

Kwa anayetaka kununua, ningeshauri chapa ya pili ya Moscow ya mwaka 1986 hadi 1987, ambayo ina nyongeza za Trubachev na mabano yake yote, na asiichukue bila kuweka kamusi ya Dal kando yake. Asiye na nafasi ya juzuu 4 atumie Starling kwa kutafutia, kisha athibitishe katika picha za kurasa zilizochapwa kila anapokutana na neno la Kigiriki au umbo lililotakiwa kuwa na kinyota.